Canter yangu inachemsha ikipanda Newala na kukata springi ikishuka: nianze kubadilisha nini?

Msafirishaji wa Tandahimba ameandika:

Ndugu wanajukwaa, habari za kazi. Naomba ushauri wenu kabla sijatoa fedha ambazo nimezikusanya kwa msimu mzima. Nina Mitsubishi Canter yenye injini ya 4D33, gari la tani tatu na nusu, nalo ndilo linalosomesha watoto wangu. Kuanzia mwezi wa tano hulitumia kupandisha salfa (dawa ya mikorosho), saruji na bidhaa za dukani kutoka Mtwara mjini kwenda Tandahimba na Newala, na kuanzia mwezi wa kumi, minada ya korosho inapofunguliwa, hulitumia kushusha magunia kutoka AMCOS, yaani vyama vya ushirika vya wakulima, za vijijini hadi ghala kuu. Mwaka wangu una misimu miwili, na kila msimu una ugonjwa wake.

Ugonjwa wa msimu wa salfa ni joto. Nikiwa kwenye lami gari halina neno, lakini nikiingia kwenye michepuko ya ujenzi wa barabara, ambako natembea kwa gia ya pili kwenye mchanga huku mzigo umejaa, mshale wa joto hupanda taratibu hadi karibu na alama nyekundu, kisha hushuka tena nikipata lami na kuongeza mwendo. Mwaka huu limechemsha kabisa mara mbili na kumwaga maji, na wenyeji mnafahamu kwamba huku juu kwenye uwanda wa Makonde hakuna mto wa kuchota, hivyo ndoo ya kulipoza gari hununuliwa kwa mtu ambaye naye ameinunua. Fundi wangu wa awali aliitoa themostati, ile vali inayofungulia maji njia ya rejeta injini ikipata moto, na kuitupa. Kwa wiki mbili nilidhani nimepona, kisha hali ikarudi, na sasa gari linakula dizeli zaidi ya zamani.

Ugonjwa wa msimu wa korosho ni springi. Msimu uliopita jani kuu la springi ya nyuma, upande wa kushoto, limekatika mara tatu, na mara zote limekatikia palepale karibu na bolti ya katikati.

Muuzaji mmoja wa spea wa Dar es Salaam amenipa orodha ya vitu vya kuliongezea gari nguvu: rejeta ya aluminiamu yenye safu tatu za mirija, feni mbili za umeme zilizotolewa kwenye gari dogo, kifuniko cha rejeta chenye namba ya mgandamizo 1.3 badala ya 0.9 kilichopo sasa, majani mawili mazito ya kuongeza kwenye springi kila upande, na shokapu nne za gesi. Anasema nikivifunga vyote nitabeba tani sita bila wasiwasi. Fedha niliyo nayo inatosha karibu nusu ya orodha hiyo. Nianze na kipi, na je, kuna kitu humo ambacho hakitanisaidia?

Fundi wa Masasi amejibu:

Ndugu Msafirishaji, pole kwa safari. Kazi yangu ni injini, hapa Masasi, na magari ya aina yako hujaa gereji yangu kila msimu unapokaribia. Nakuomba usinunue chochote katika orodha hiyo kabla hujapima, kwa sababu maelezo yako mwenyewe tayari yanaonyesha mahali pa kuanzia. Gari linalochemsha likitembea polepole na kupoa likikimbia linakosa upepo. Gari linalochemsha likikimbia kwa lami kwa kawaida linakosa maji ya kutosha kupita kwenye rejeta, ama kwa sababu mirija imeziba, ama kwa sababu pampu ya maji imechoka. Ukiwa gia ya pili mchangani, karibu upepo wote unaopita kwenye rejeta yako huvutwa na feni, wala si mwendo wa gari.

Kwa hiyo tazama feni kwanza. Kama feni yako ina klachi ya silikoni, yaani kiungo kinachoishika feni injini ikipata moto, zima injini ikiwa imepata moto, hakikisha ufunguo umeutoa, kisha izungushe kwa mkono. Klachi nzima hukataa na kusimama upesi, lakini iliyokufa huachia feni izunguke mizunguko kadhaa kama pangaboi la sebuleni, na klachi ya namna hiyo haivuti upepo wa maana hata injini ikiunguruma. Tazama pia ulegevu wa mkanda. Kisha tazama kava la feni, yaani lile duara la plastiki au bati linaloizunguka. Canter nyingi ninazopokea hazina kava hilo, kwa sababu liliondolewa siku rejeta ilipotengenezwa na halikurudishwa, jambo ambalo watu hulichukulia kuwa dogo. Bila kava, feni haivuti upepo kupitia mapezi ya rejeta. Inachukua ule wa pembeni, ambao tayari umepashwa moto na injini, na kuuzungusha papo hapo.

Mapezi nayo huziba kwa nje. Vumbi jekundu la huku kwetu likichanganyika na mafuta na mbegu za nyasi hufanya tabaka gumu ambalo ukiangalia kwa mbele hulioni. Uchafu huo uliingia kwa mbele, hivyo uutoe kwa kurusha maji kutoka upande wa injini kuelekea nje, kwa nguvu ya kiasi, kwa sababu mashine ya kuoshea magari ikisogezwa karibu hulaza mapezi.

Sasa nije kwenye themostati, ambayo kuondolewa kwake kumekupa hasara mbili. Themostati za injini nyingi za dizeli za Kijapani zina sahani mbili. Injini ikiwa baridi, sahani ya juu hufunga njia ya kwenda kwenye rejeta, na maji huzunguka ndani ya injini kupitia njia fupi. Inapofika nyuzi joto zilizogongwa kwenye themostati yenyewe, mara nyingi 76.5 au 82, sahani ya juu huanza kufunguka, na kadiri inavyofunguka ndivyo sahani ya chini inavyoifunga ile njia fupi ili maji yote yaende kupozwa. Ukiitoa themostati, njia fupi hubaki wazi siku zote, na sehemu ya maji ya moto hurudi kwenye injini bila kuiona rejeta. Unapotelemka ukiwa mtupu, injini hupoa kupita kiasi, dizeli haiungui vizuri na silinda hulika. Unapopanda na mzigo, ambako unahitaji kila tone lipite kwenye rejeta, maji mengine yanapita njia ya mkato. Nunua themostati halisi, na kabla ya kuifunga itumbukize kwenye sufuria ya maji jikoni pamoja na kipimajoto, uone inafunguka kwenye nyuzi ngapi.

Rejeta ipime kwa kipimajoto cha kulenga, kile kinachofanana na bastola. Simaanishi kile cha kupimia watu homa, kwa kuwa hicho hakifiki nyuzi tunazozihitaji. Injini ikiwa na moto wa kazi, pima uso wa rejeta kutoka kona moja hadi nyingine. Ukikuta ukanda ambao ni baridi kuliko jirani zake kwa kiasi kikubwa, mirija ya hapo imeziba. Bati linalong'aa hudanganya kipimo cha aina hiyo, hivyo bandika kipande cha utepe mweusi na upime juu ya utepe. Mwisho, asubuhi injini ikiwa baridi, fungua kifuniko, washa, kisha tazama maji: mapovu yasiyokoma yanayoongezeka unapokanyaga mafuta ni gesi ya silinda inayopita kwenye gasketi ya hedi, na hapo rejeta ya bei yoyote haitakusaidia.

Kuhusu vile vitu alivyokuandikia muuzaji, feni za gari dogo ni za volti 12, ilhali Canter nyingi za Kijapani zina umeme wa volti 24, kwa hiyo ukiziunganisha moja kwa moja zitaungua. Hata kama ungepata za volti 24, feni mbili ndogo hazifikii upepo wa feni nzima inayozungushwa na injini yenyewe na kuzungukwa na kava lake. Kifuniko cha 1.3 usikiguse. Kifuniko cha 0.9 kikiwa kizima hufanya maji matupu yachemke kwenye nyuzi kama 118, na hicho cha 1.3 kitakuongezea nyuzi sita tu, lakini kitasukuma mipira ya zamani na viungo vya rejeta ambavyo havikutengenezwa kwa mgandamizo huo. Kinyume chake, kifuniko cha 0.9 ambacho raba yake imekauka hukupotezea karibu nyuzi ishirini zote, na pale Newala, kwenye mwinuko wa mamia ya mita, maji yasiyo na mgandamizo huchemka hata kabla ya kufika 100. Kifuniko kipya cha namba ileile ndicho kitu cha bei ndogo kuliko vyote katika mfumo huo, na watu hukisahau.

Mkulima wa Ufuta, Nachingwea, amejibu:

Kaka Msafirishaji, habari za huko juu. Mimi sina lori, nina Prado ya injini ya 1KZ ambayo naendea mashambani na kwa mawakala hadi Liwale, lakini nimepitia njia hiyohiyo ya kununua kabla ya kupima, na nisingependa uipitie.

Wamiliki wa 1KZ wanajua kwamba hedi yake ya aluminiamu haisamehi joto. Nilipoona gari linapanda joto, nilibadilishiwa rejeta katika gereji moja ya mjini, nikapewa mpya inayong'aa yenye matangi ya plastiki. Haikumaliza miezi minne. Tukiwa kati ya Nangurukuru na Mbwemkuru tangi la juu lilipasuka kwenye mshono, maji yote yakamwagika, na jambo ambalo sitalisahau ni kwamba mshale wa joto haukupanda, bali ulishuka. Kihisio kinachoendesha mshale hupima joto la maji. Maji yakiisha, kinabaki kwenye hewa na kutoa kipimo cha uongo. Niliendelea kuendesha kwa dakika chache nikiamini mambo ni mazuri, na dakika hizo zilitosha kuipasua hedi.

Kwa hiyo kama utaniuliza kitu gani cha kuongeza ambacho hakikuja na gari, nitakwambia ni king'ora cha joto. Ni kifaa kidogo chenye kihisio cha chuma kinachofungwa kwa bolti kwenye hedi yenyewe, hivyo kinasoma joto la chuma hata kama maji yameisha, na hupiga kelele likifika kiwango ulichokipanga. Mshale wa kiwandani katika magari mengi ya Toyota umetengenezwa kusimama katikati kwa masafa marefu ya joto ili dereva asihangaike, na unapoanza kupanda unakuwa umechelewa. Tangu nifunge king'ora nimekwisha kuokolewa mara moja, mpira wa maji ulipotoboka karibu na Ruangwa.

Jambo la pili ni maji mnayotia. Ndugu zangu wa pwani mnachota visima vyenye chumvi na kuyatia kwenye rejeta, halafu mnashangaa mirija kuziba. Sisi huvuna maji ya mvua kutoka kwenye bati na kuyachanganya na kulanti halisi, yaani dawa ya maji ya rejeta. Huku hakuna barafu, hivyo kulanti yetu kazi yake kubwa ni kuzuia kutu. Fuata kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, wala usichanganye kulanti za aina mbili, kwani viini vyake vya kuzuia kutu vinaweza kuharibiana.

Upande wa springi, mimi niliinua gari kwa inchi mbili, nikafunga springi na shokapu za Old Man Emu kutoka Australia, na nimeridhika nazo sana kwenye rasta (mawimbi ya barabara ya vumbi) za kwenda Liwale. Lakini kuinua kuliniletea jambo ambalo aliyefunga hakuniambia. Gari langu lina vali ya breki za nyuma inayosoma uzito: kijiti kimeunganishwa kwenye ekseli, na gari likishuka kwa mzigo vali huongeza breki za nyuma, likinyanyuka huzipunguza. Nilipoinua, vali ikaamini kwamba gari ni tupu siku zote, na breki za nyuma zikadhoofika hadi nikaogopa mteremko. Ilibidi mkono wa kijiti urekebishwe upya. Kama Canter yako ina vali ya namna hiyo, majani mawili mazito yatakuletea jambo hilohilo, tena ukiwa unashuka na korosho.

Dereva Mstaafu, Mikindani, amejibu:

Vijana wangu, nimesoma kwa furaha. Nimeendesha malori katika mikoa hii tangu enzi tunavuka Rufiji kwa kivuko, kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, kwa hiyo nitasema lile ninalolijua kwa mikono yangu, nalo ni springi.

Mwanangu, jani linalokatikia kwenye bolti ya katikati halijakatika kwa uzito peke yake. Hapo kati jani lina tundu, na tundu ni udhaifu, lakini yubolti, zile bolti zenye umbo la U, zikiwa zimekaza sawasawa, sehemu hiyo hubanwa kwenye ekseli na haipindi hata kidogo. Kupinda hufanyika mbele na nyuma yake. Yubolti zikilegea, sehemu yenye tundu huanza kupinda kila gari linapodunda, na baada ya wiki chache hukatika. Umebadilisha jani mara tatu. Je, umebadilisha yubolti hata mara moja? Yubolti iliyokwisha kuvutika haikazi tena. Nunua mpya, ikaze kwa spana ya kipimo gari likiwa chini kwenye magurudumu yake, kisha irudie baada ya kilomita 500 hivi, kwa sababu majani mapya hukaa na kuacha nafasi. Kwa nini iwe kushoto? Tunaendesha kushoto, na barabara imeinamia huko ili maji yateremke, tena mashimo ya ukingoni yako huko. Springi ya kushoto huumia zaidi katika magari mengi.

Majani mazito ya kuongeza siyapendi, na nitaeleza sababu. Ugumu wa jani hufuata unene wake ukizidishwa wenyewe kwa wenyewe mara tatu: jani la milimita 12 likilinganishwa na la milimita 10 la urefu na upana uleule si gumu zaidi kwa sehemu moja ya tano, bali linakaribia mara moja na robo tatu. Ukiliweka katikati ya wenzake wembamba, yote yanalazimika kupinda kwa kiasi kimoja, na jani nene likipindishwa sawa na jembamba huumia zaidi. Hilo la kuongeza ndilo litakalokatika kwanza, na likikatika hukata la jirani. Kama springi zako zimechoka na kunyooka, nunua seti nzima, kushoto na kulia, yenye majani ya unene uleule wa kiwandani, na ukitaka msaada wa mzigo tumia zile springi fupi za juu ambazo hugusa pale tu gari linapojaa.

Muuzaji anasema tani sita. Springi hainunui tani. Ekseli ni ileile, beringi ni zilezile, matairi ni yaleyale, na breki ni zilezile. Wako watakaokwambia kwamba mizani itakupitisha, na huenda ni kweli, kwa sababu Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya mwaka 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitumia Machi 2019, inaruhusu tani 8 kwenye ekseli ya mbele na tani 10 kwenye ekseli moja ya nyuma yenye matairi manne. Lakini viwango hivyo vimewekwa kulinda barabara, na havisemi lolote kuhusu Canter yako kuweza kuubeba mzigo huo. Kipimo cha gari lako ni kile cha mtengenezaji, nacho kiko chini sana ya hapo.

Panga pia mzigo. Nimeona vijana wakirundika magunia nyuma ya ekseli ili mbele pabaki nafasi ya abiria wa njiani. Gunia moja nyuma ya ekseli huumiza springi na chesesi kuliko gunia hilohilo likiwa katikati ya ekseli mbili.

Neno moja kwa Fundi: sisi zamani themostati tulizitoa zote, na malori yetu ya Bedford yalifika.

Fundi wa Masasi amejibu:

Shikamoo mzee wangu. Nakubaliana nawe kwa yubolti na kwa majani kwa asilimia zote. Kuhusu themostati, sikatai kwamba magari yalifika. Injini ambayo themostati yake haina kazi ya kufunga njia fupi, ukiitoa unabaki na hasara ya injini baridi tu, na rejeta kubwa za malori yale zilikuwa na ziada ya kutosha. Injini hizi za sasa zimepewa rejeta inayotosha kazi yake bila ziada, hivyo kila lita inayopita njia ya mkato inahesabika.

Niongeze jambo kuhusu rejeta ya aluminiamu, ili Msafirishaji asidhani ninaichukia. Iliyotengenezwa vizuri ni nyepesi, ina mirija mipana, na hupoza vizuri kabisa ingawa shaba hupitisha joto kuliko aluminiamu. Tatizo langu ni mahali tulipo. Rejeta ya shaba ikivuja Tandahimba, yupo mtu wa kuichomelea kwa risasi jioni ileile. Ya aluminiamu inahitaji mchomeleaji wa gesi ya agoni, ambaye huwezi kumpata kila kona, na ikifungwa bila raba zake za chini, rasta huipasua kwenye mishono. Ukikuta mirija imeziba, mimi ningebadilisha sehemu ya kati ya rejeta yako ya shaba na kuacha matangi yake ya juu na chini.

Na kwa wenye Hilux wanaosoma hapa: mifuko ya hewa inayowekwa kati ya chesesi na springi za majani huliweka gari sawa kwa macho, lakini husukuma chesesi mahali pamoja ambapo haikupangiwa kubeba. Pikapu za milango minne zenye mzigo mrefu nyuma ya ekseli zimepinda chesesi kwa sababu hiyo.

Msafirishaji wa Tandahimba ameandika:

Mzee wangu wa Mikindani, shikamoo. Dada wa Nachingwea na Fundi, ahsanteni sana. Nimekaa kimya siku tisa kwa sababu nilikuwa ninapima kama mlivyonielekeza.

Kava la feni halipo. Nimeuliza, na kijana aliyetengeneza rejeta miaka miwili iliyopita anakumbuka kuliacha kwake kwa kuwa lilikuwa na ufa. Klachi ya feni inazunguka mizunguko sita baada ya kuzima injini ya moto. Nilipopima uso wa rejeta juu ya utepe mweusi, sehemu kubwa ilisoma kati ya nyuzi 74 na 79, lakini ukanda mmoja wa upande wa kulia, wenye upana wa kiganja, ulisoma 43. Mapovu hayapo, namshukuru Mungu, hivyo hedi ni salama. Raba ya kifuniko imekauka na kupasuka.

Kuhusu springi, mzee, umesema kama uliyekuwa chini ya gari. Yubolti mbili za kushoto zilizunguka kwa spana ya kawaida bila kutumia nguvu, na nyuzi za moja zimekwisha. Sijawahi kuzibadilisha tangu ninunue gari.

Nimeamua kununua klachi ya feni mpya, kava la mtumba lililo zima, themostati, kifuniko cha 0.9, na king'ora cha joto, na kubadilishiwa sehemu ya kati ya rejeta kwa shaba. Upande wa nyuma nitanunua seti mbili za springi na yubolti nne. Fedha imebaki kidogo. Je, niongeze zile shokapu za gesi?

Dereva Mstaafu, Mikindani, amejibu:

Marahaba, mwanangu. Shokapu haibebi mzigo, hutuliza mdundo wa springi. Kama zako zinavuja mafuta au gari linaendelea kuyumba baada ya shimo, zibadilishe, na za aina ya kawaida kutoka mtengenezaji anayeaminika kama KYB zinatosha kwa kazi yako. Kwenye rasta ndefu shokapu hupata moto hadi mafuta yake kuwa mepesi na kushindwa kazi; ukipunguza mwendo huzisaidia kuliko gesi. Kabla ya shokapu ningetazama bushi za springi na pini zake, kwa sababu springi mpya kwenye bushi zilizolika zitapiga kelele na kusogeza ekseli pembeni. Halafu uniambie utapakia magunia mangapi.

Msafirishaji wa Tandahimba ameandika:

Mzee, nitajibu kwa ukweli. Msimu uliopita nilikuwa ninapakia magunia 65 ya kilo 80, ambayo ni tani tano na kilo mia mbili. Kwa tani tatu na nusu natakiwa kupakia 43. Usiku nimekaa na daftari nikajumlisha majani matatu yaliyokatika, malipo ya kuhamishia mzigo kwenye gari la mtu mwingine mara mbili, tairi mbili zilizopasuka, na siku kumi na moja ambazo gari lililala juu ya magogo wakati wenzangu wanasomba. Jumla yake ni kubwa kuliko faida ya yale magunia 22 ya ziada kwa safari zote nilizofanya.

Bushi nimezitazama leo asubuhi, na zote nne za nyuma zimelika upande mmoja, hivyo fedha iliyobaki imepata kazi. Springi zinafika kwa basi la keshokutwa kutoka Mbagala. Nikishafunga nitapanda Newala na mifuko 70 ya saruji, nitapima joto la rejeta kila nitakaposimama, na nitayaandika hapa ili Fundi ayatazame.

Fundi wa Masasi amejibu:

Mifuko 70 ya kilo 50 ni tani tatu na nusu kamili, sawa kabisa. Pima tangi la juu na la chini kila mara, na uandike uko gia gani na ni saa ngapi ya mchana. Na yubolti, usisubiri hadi urudi Mtwara. Zikaze tena ukifika Newala, mzigo ukishateremshwa, kabla hujageuza gari.